Fundi Kiraka na Maneno Yanayofuata Alama ya Kuuliza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kuitumikia hospitali yetu, Fundi Kiraka anastaafu. Amechoka, na hafichi. Sisi tunaobaki tumechoka pia, ila hatujaruhusiwa kuondoka.

Aliajiriwa kutengeneza printa. Tovuti ya miadi ilipoanzishwa akakabidhiwa yeye, kwa sababu wengine wote siku hiyo walikuwa na udhuru. Jina lake alilipata hapo: hajawahi kuujenga mfumo upya, kazi yake ni viraka, na viraka vyake havibanduki.

Mwaka wa tisa alifanya kosa ambalo mwenyewe hulitaja mbele ya kila mwajiriwa mpya. Aliweka sheria kwamba anwani ya ukurasa wa tovuti ikija na neno lisilojulikana baada ya alama ya kuuliza, pale yanapowekwa maelezo ya ziada, mfumo uikatae. Aliijaribu kwa anwani alizoziandika kwa mkono wake, zote safi. Wagonjwa, hata hivyo, walipata viungo vya kufungulia tovuti kwa ujumbe wa simu, na kampuni ya kutuma ujumbe ilikuwa ikibandika maneno yake mwishoni ili ijue nani amefungua. Watu mia moja na arobaini walifungiwa nje.

Bibi mmoja wa kliniki ya macho alifika siku tatu baadaye na karatasi aliyochapishiwa na mwanawe: "Ombi lako si sahihi." Aliuliza amekosea nini. Nafasi yake ya upasuaji ilikuwa imeshapewa mwingine. Fundi alishuka mapokezi mwenyewe, akamwambia kosa si lake bali ni la fundi. Bibi alisubiri wiki tano nyingine.

Tangu hapo mfumo unapokea maneno manne tu: kliniki, daktari, tarehe na lugha, na kila moja hukaguliwa kabla ya kutumika. Mengine huachwa kimya kimya, mgonjwa akaendelea na safari yake, nalo neno geni likaandikwa kwenye orodha. Orodha hiyo Fundi ameisoma kila asubuhi, chai ikimpolea mezani. Mtani mmoja alipoongeza neno "paka", Fundi alibandika tangazo ukutani kwamba hospitali hii haitibu wanyama.

Sasa tunajenga mfumo mpya, na msimamizi wake ni mimi. Nilitaka ukatae kila tusichokijua. Nilidhani huo ndio usalama. Tulibishana vikao viwili. Cha tatu Fundi hakubishana. Alivua miwani, akafikicha macho, akasema tuandike tutakavyo, ila safari hii yeye hatakuwepo wa kushuka mapokezi.

Nilikasirika siku nzima. Kisha nikaona aibu, kwa sababu katika miaka yangu sita hapa sijawahi kuongea na mgonjwa hata mmoja.

Mzee wetu, asante kwa viraka vyote, na kwa kutuvumilia tulipojifanya tunajua. Nenda ukalale mpaka usingizi wenyewe ukuchoke. Tunakuombea afya, na siku ndefu zisizo na simu ya kazini. Jana alasiri niliifuta sheria yangu nikaandika yako. Sijakuambia, nilitaka uisome habari hiyo hapa, katika maneno haya ya kukuaga.