Bwana Mvua na Kipande cha Bati cha Uani

Baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, fundi mkuu wa mtambo wa zinki, ambaye sote hapa tunamwita Bwana Mvua, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa ufungashaji niandike wasifu wake, nadhani kwa sababu hakuna mtu kiwandani aliyegombana naye mara nyingi kuliko mimi. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Ugomvi wetu wote ulihusu nailoni, na huko mbele mtaona nani alikuwa na haki.

Kwa faida ya ndugu na wageni watakaokuwa ukumbini, nieleze kidogo kazi yetu. Chuma hutufikia kikiwa karatasi ndefu nyembamba iliyoviringishwa kama mkeka, na mviringo huo ndio tunaouita koili. Tunaikunjua, tunaiosha mafuta, tunaipitisha kwenye tanuri, kisha inazama ndani ya beseni la zinki iliyoyeyuka. Inapopanda kutoka humo, pua mbili za hewa huipuliza kila upande ili zinki iliyozidi irudi kwenye beseni, na kinachobaki juu ya chuma ni koti jembamba kuliko unywele. Ikipoa, zinki hiyo huchanua maua yale yanayometameta ambayo kila mtu ameyaona kwenye ndoo mpya. Koili huviringishwa tena, na ikitoka getini hapa inakwenda kuwa paa, tangi la maji, kabati, mfereji, fremu ya mlango au ubavu wa gari.

Bwana Mvua alianzia chini kabisa, kibarua wa kuopoa takataka zinazoelea juu ya beseni kwa mwiko mrefu wa chuma. Enzi hizo nyusi zake zilikuwa za kuja na kuondoka, joto la beseni likiziunguza. Alikuwa mchapakazi, ana haraka, na anapenda kusifiwa, kwa hiyo haukupita muda akapewa dhamana ya ghala. Hapo ndipo karibu amwage unga.

Ilikuwa msimu wa mvua, na paa la ghala letu lilikuwa linavuja. Ndiyo, kiwanda cha bati chenye paa linalovuja, tucheke polepole. Ghalani kulikuwa na koili zilizokuwa zinasubiri kuchukuliwa na watengenezaji wa matangi. Bwana Mvua alipoona matone yanazidondokea, hakupoteza muda. Alizifunga nailoni, mzunguko juu ya mzunguko, akakaza kamba, akabandika gundi kila penye upenyo, hata sisimizi asingepata pa kuingilia. Kisha akatuita tuje tuone. Nakumbuka alivyosimama pale ameshika kiuno, uso umejaa fahari.

Zilipofunguliwa, zilikuwa zimeota unga mweupe tangu nje hadi ndani, kama mtu amezipaka chokaa. Maji yalikuwa yameshapenya katikati ya mikunjo kabla hajafunga, naye akayafungia humo humo. Zinki ikilowa na ikawa na hewa, hujifanyia ngozi ngumu ya kujilinda. Ikilowa halafu ikanyimwa hewa, huanza kujila yenyewe. Leo jambo hilo tunamfundisha kila mgeni siku yake ya kwanza, lakini siku ile Bwana Mvua alilijifunza mbele ya meneja, mteja na madereva wa malori.

Meneja alimwambia akachukue vitu vyake. Ni vizuri mjue kwamba mkewe, mshonaji wa sare zetu, alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza, na chumba walichopanga kilikuwa kinategemea kazi hiyo peke yake. Alikaa kwenye benchi la kubadilishia viatu, ameshika tama, kamba za buti hazijafunguliwa.

Aliyemwokoa ni Mkuu wa Zamu wa wakati huo, mzee aliyewafundisha kazi nusu ya mafundi mnaowaona leo. Mkuu hakumtetea kwa maneno mengi. Alikata kipande kutoka kwenye koili mojawapo iliyoharibika, ukubwa wa sinia, akakisugua unga ukatoka, akakitoboa tundu, akakitundika kwa waya kwenye uzio wa ua wa nyuma, mahali ambapo jua na mvua hukipata bila kizuizi. Kisha akamwambia meneja kwamba unga ule umeharibu sura tu, zinki yenyewe bado ipo. Na akamgeukia kijana wake: kipande hiki kikiota kutu nyekundu kabla hujastaafu, siku hiyo hiyo unakwenda nyumbani. Meneja alicheka. Alipomaliza kucheka alikuwa ameshasamehe.

Sisi wote tulijua ni mzaha. Yeye aliuchukua kama hukumu. Kutu nyeupe ni ya zinki, lakini kutu nyekundu ni ya chuma chenyewe, maana yake koti limekwisha na mwili uko uchi. Kwa hiyo kila mvua ilipoanguka, watu wakikimbilia ndani, yeye alikimbilia nje. Alikwenda uani bila mwavuli, akakigeuza kile kipande, akakifuta kwa kiganja, akarudi ameloa chapachapa. Jina la Bwana Mvua lilianzia hapo, na mkewe anasema hata likizoni, wingu likitanda, humwona anavaa viatu.

Tangu wakati huo akawa mhubiri wa hewa. Koili zikae juu ya mbao, zisiguse sakafu. Kati ya koili na koili mtu apite bila kujibana. Asubuhi ya baridi, koili iliyotoka nje isiingizwe kwenye joto na kufungwa papo hapo, kwa sababu hutoa jasho. Alikuwa na tabia ya kuegemeza shavu lake kwenye koili kusikia kama ina unyevu, na dereva mgeni wa kreni aliyemwona mara ya kwanza alituuliza kwa heshima kama mzee ana matatizo nyumbani. Hakuishia kwenye koili. Alifungua madirisha ya kantini, ya ofisi ya mishahara, ya chumba cha mikutano. Mabakuli yetu ya chakula aliyalegeza vifuniko. Ukimuuliza, anakujibu tu kwamba kila kitu kinataka kupumua.

Na ufungashaji, ole wetu. Kuna siku tulimaliza kufunga shehena nzima, tumeshanawa mikono, tunasubiri chai. Bwana Mvua akapita, akaweka shavu, akachomoa kisu akazichana nailoni zote. Nilimwambia maneno ambayo kamati imeniomba nisiyarudie. Yeye aliniinua mkono taratibu na kuuweka ndani ya mkunjo, na mkono ulitoka umelowa. Tulifunga upya kesho yake. Malalamiko ya unga mweupe kutoka kwa wateja yalipungua, yakapungua, mpaka karani wa malalamiko akahamishiwa idara nyingine. Basi, alikuwa na haki. Nimeshasema, nisisumbuliwe tena.

Alipopandishwa kuwa fundi wa pua za hewa, na baadaye fundi mkuu, alikuja na utaratibu wake wa jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma. Kila koili ikianza, kipande cha mwanzo hukatwa, hubanwa kwenye jiliwa na kukunjwa hadi pande zake zikutane. Yeye hupitisha kidole gumba kwenye kunjo. Zinki ikishikilia, koili inaendelea. Ikitoa magamba hata kidogo, mtambo unasimama, awepo nani asiwepo nani. Alipokuwa anajenga nyumba yake, bati lake lilitoka kwenye mtambo huu huu, zamu yake mwenyewe, na kunjo likatoa gamba moja dogo. Sote tuligeuza nyuso pembeni ili tusione. Aliikataa koili. Mkewe alingoja paa hadi shehena iliyofuata, na hadi leo akisimulia kisa hicho hukunja uso, ingawa paa lenyewe halijawahi kuvuja.

Amehudhuria harusi za wafanyakazi wengi, na kila akipewa kipaza sauti tunajua zinki inakuja. Huwaeleza maharusi kwamba bati likikwaruzwa, chuma hakifi mara moja, kwa sababu zinki iliyo kando ya mkwaruzo hujitoa mhanga, inaliwa yenyewe ili mwenzake asiguswe. Bibi harusi mmoja alilia. Bwana harusi aliuliza ni nani kati yao aliye zinki, na swali hilo nasikia halijapata jibu nyumbani kwao.

Mtoto aliyekuwa tumboni wakati wa lile balaa la ghala ni dada mzima sasa, fundi wa kutengeneza mifereji ya kupitishia hewa kwenye majengo makubwa. Hewa tena, mnaona. Yeye ni mteja wetu, na hana upendeleo. Amewahi kumrudishia baba yake koili kwa sababu ukingo wake ulikuwa umejikunja kidogo. Bwana Mvua alizunguka kiwanda kizima akitangaza habari hizo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Lakini mwaka huu tulimwona amepungua maneno. Siku za kustaafu zilivyokaribia, alianza kwenda uani hata kukiwa na jua. Hakutaka tuongozane. Nilimuuliza kama ana wasiwasi na kile kipande, nikitarajia utani, na alinijibu bila tabasamu kwamba aliruhusiwa kubaki hapa kwa sharti moja tu, na angependa kuondoka akiwa amelitimiza. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilielewa kwamba muda wote huu sisi tulikuwa tunacheza na yeye alikuwa kazini.

Kamati ikaamua kumwalika Mkuu wa Zamu, ambaye ni mzee sana sasa na anatembelea fimbo, aje kukikagua rasmi. Ukaguzi ulifanyika Jumanne hii. Mtambo ulisimamishwa, watu wakajaa uani, mkewe na binti yake wakasimama mbele. Mkuu alikitungua kile kipande, akakifuta kwa leso, akakisogeza karibu na miwani. Maua yalikuwa yamepotea zamani, uso umekuwa wa kijivu kama jivu la mkaa. Upande wa kwanza, safi. Akageuza. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, kwa hiyo niliona alichokiona: pembeni mwa tundu, pale waya ulipokuwa ukisugua kila upepo unapovuma, palikuwa na doa jekundu, dogo kama mbegu ya ufuta.

Mkuu hakubadilika uso. Aliweka kidole gumba juu ya lile doa, akakiinua kipande juu ya kichwa, akapaza sauti, “Safi!” Ua ulilipuka kwa vifijo, kreni zikapiga honi, vijana wa beseni wakaanza kucheza.

Bwana Mvua hakucheza. Yeye pia alikuwa ameliona, maana hakuna mtu anayekijua kipande kile kama yeye. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na mimi nisingesema, naapa. Alimsogelea mzee wake, akamshika mkono kwa adabu, akakiondoa kile kidole.

“Hapa, Mkuu,” alisema. “Imeanza.”

Kelele zikakatika. Mkewe aliziba mdomo kwa mtandio. Bwana Mvua alisimama wima mbele yetu, mikono ubavuni, macho yamejaa machozi, akisubiri. Mkuu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

“Haya mwanangu,” alisema. “Nilisema kikiota kutu unakwenda nyumbani, na mimi sina kauli mbili. Umefukuzwa kazi. Kuanzia Ijumaa, saa kumi jioni.”

Sijui nani alianza kucheka. Najua binti yake alimrukia shingoni, na mimi nililia mbele ya vijana wangu wa ufungashaji, ambao hawajaacha kunitania mpaka naandika haya. Bwana Mvua mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini kwenye mbao za koili. Halafu, kama kawaida yake, akainuka akadai kipande kitobolewe tundu jingine na kitundikwe upya kwa waya wenye zinki, kwa kuwa pengine kote bado koti lipo na ukaguzi haujaisha.

Kwa hiyo Ijumaa tutamsindikiza hadi getini mtu aliyefukuzwa kazi, kwa makofi na nderemo, na hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa heshima kiasi hicho. Tunamshukuru mkewe kwa kutuazima mume, na binti yake kwa kutuazima baba, hata siku ambazo walimhitaji nyumbani. Tunamshukuru Mkuu kwa kipande kimoja cha bati.

Na wewe, Bwana Mvua, asante kwa kila koili, na kwa kila nailoni uliyoichana. Uwe na afya, ule vizuri, ulale vizuri, madirisha yakiwa wazi. Mvua ikinyesha, baki ndani na mkeo. Uani tutakwenda sisi.