Tundu la Marumaru

Benchi letu la kahawa linatazamana na bustani ya marehemu kaka yangu, fundi saa, aliyekaa nasi hapa miaka mingi. Asubuhi ile, baada ya ua wa michongoma kukatwa, mafundi walishusha bustanini sanamu ya marumaru nyeupe, kubwa kama gunia la mchele. Haina kichwa wala mkono, ni laini mwili mzima, na katikati ina tundu. Shemeji, mjane wa kaka, ndiye aliyeiagiza. Mwashi alikuwa anakoroga saruji ya kuisimamisha, na ikishashika, sanamu haigeuki tena. Kumbukumbu za ukoo wetu ninazitunza mimi, kwa hiyo wenzangu waliniuliza mimi ile ni nini.

— Hiyo ni figo, alisema Dozi, muuza dawa mstaafu.

— Figo ya nani? nilimuuliza. Kaka alikufa kwa moyo.

— Basi ni moyo, ila aliyeuchonga hajawahi kuuona.

Mabati, fundi wa mapaa, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyie! Patasi imepitiliza upande wa pili, mchongaji akasema ni sanaa ya kisasa. Hata mimi nikitoboa bati pasipotakiwa, namwambia mteja hilo ni la hewa.

— Kumbe ndiyo maana kwangu panavuja!

— Kwako ni sanaa, Dozi. Tulia.

Makaa, muuza kahawa, akatuongezea.

— Mie nasema ni ya wezi. Upepo ukipita tunduni, inakohoa. Mwizi anajua mwenye nyumba yupo.

— Na mvua ikinyesha?

— Inapiga chafya.

Nikawanyamazisha. Shemeji alikuwa anavuka barabara, mikono imejaa vumbi jeupe.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji. Pole na kazi.

Mabati hakuweza kujizuia.

— Hivi shemeji, lile ni nini hasa?

— Ni jiwe zuri tu. Nimelipendea tundu. Nikiwa jikoni naosha vyombo, nitachungulia dirishani, na tundu litanionyesha kipande kimoja cha benchi hili. Zamani ua ulinizuia, nilikuwa nasikia kicheko cha mume wangu tu. Alikuwa anakaa wapi?

— Hapa mwisho, alisema Mabati.

— Wapi! Hapo ni pangu, alisema Dozi. Yeye katikati.

Mimi ninayejua mpaka nani alimkata kitovu, nilionyesha upande wa ukutani, kisha nikaurudisha mkono.

— Simameni, alisema Makaa. Kaeni kama mlivyokuwa mnakaa naye. Pengo litajionyesha lenyewe.

Tukasimama, tukakaa tena, kila mtu mahali pake. Benchi likajaa.

Makaa alitutazama, birika mkononi.

— Mmenenepa, au?

Ng'ambo ya barabara mwashi aliinua mwiko.

— Mama, saruji inashika! Tundu niligeuzie wapi?