Siku Niliyomfukizia Mkaguzi Udi

Mmeniomba niseme, nami nitasema bila mapambo. Waislamu, salaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Harufu ninayokuja kuisimulia haikuuliza mtu dini yake. Makosa yangu nitayataja, majina ya watu sitayataja.

Mimi ni mzaliwa wa huku kwenu Handeni, kule Mazingara. Niliolewa Korogwe, mtaa wa Masuguru, nikazeekea huko. Shule niliishia darasa la tatu. Nyuma ya nyumba yangu, ukivuka shamba moja, kuna korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Majani yanaingia, katani inatoka, maganda na maji yanabaki. Zamani yalipelekwa mbali. Akaja mwenye mali mwingine, akachimba shimo kando ya uzio, vyote vikawa vinamwagwa humo. Mabaki ya mkonge yakikaa siku mbili tatu yanachacha, yananuka kama yai viza. Nguo ukianua zinanuka. Ugali ukipakua unafunika upesi, kama umeuiba.

Sisi tulizoea. Mkwe wangu hakuzoea. Alikwenda kujifungua kwao Kerenge, akapata mtoto wa kike, wakampa jina langu. Arobaini ikapita, simwoni. Nikampigia simu.

"Arobaini imekwisha. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yupo, mama. Ila huko siji. Nilikuwa natapika kila siku nikidhani ni mimba. Nimefika huku, kutapika kumekoma. Mtoto nimlete avute kile?"

"Mumeo anavuta, mimi navuta. Tumekufa?"

"Sijasema mmekufa, mama. Nimesema siji mpaka harufu iishe."

Nikakata simu, nikamwita mwenye maringo. Ndugu zangu, nawaambia, nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Mwanangu naye akawa anashinda Kerenge kwa mkewe. Nyumba ikabaki na mimi na kuku.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikaandikwa barua, wenzangu wakatia saini, mimi dole gumba. Halmashauri ikajibu: mkaguzi wa mazingira atakuja Jumatano saa nne asubuhi, na atafikia kwa bibi, yaani kwangu.

Hapo ndipo nilipoanguka. Mgeni wa serikali, nyumbani kwangu! Mnajua tulivyolelewa. Jumanne niliwatoa wanawake wote, tukafagia mtaa mzima, tukamwaga majivu kwenye mtaro. Jumatano asubuhi nikatoa chetezo, nikafukiza udi chumbani, ukumbini, uani, mpaka chooni. Nikapika pilau, likanukia hadi barabarani. Kiwandani nao walikuwa na habari. Wiki hiyo korona haikuwashwa, na shimo walilifukia kwa mchanga juujuu.

Mkaguzi akaja, binti wa umri wa wajukuu zangu wakubwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Akakaa, akavuta pumzi. "Bibi, kwako kunanukia vizuri."

Nami, mjinga mimi, nikafurahi. "Tunajitahidi, mwanangu."

Akala, akazunguka, akaandika, akaaga. Baada ya wiki mbili mwenyekiti akatusomea majibu: mkaguzi amefika na hakukuta harufu ya kero.

Watu walinigeukia. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza mboga, mwanamke ambaye watoto wake wote nilikuwepo akiwazaa, alisimama mlangoni pangu watu wakisikia.

"Bibi, sema tu. Umekula na kiwanda."

"Nimekula nini? Harufu?"

"Lile pilau lilikuwa la nani?"

"La kwangu. Na wewe ulikula sahani mbili."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile akawa anapita bila kunisalimu. Msibani nikikaa mkeka huu, wenzangu wanahamia ule. Nikaanza kufunga nguo zangu nirudi Mazingara, na nyumba iuzwe. Niliona mjukuu hatakuja, basi namlindia nani kuta?

Mkwe wangu akapiga simu. Nilijua amepiga kunicheka, na kweli alinicheka.

"Mama, udi mpaka chooni?"

"Mpaka chooni."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Mwite tena, ila usimwandalie."

"Watamwandalia wao, wazime mashine."

"Basi aje bila miadi wala kutangazwa, siku inayonuka. Inanuka siku gani zaidi?"

Miaka yote nimekaa pale, pua yangu imelala. Anayejua ni mtu anayetoka na kurudi. Na mtu huyo, kwa mtaa wetu, ni muuza mboga, anayetoka alfajiri na kurudi mchana.

Kwenda mlangoni kwake kulinishinda siku tatu. Siku ya nne nilikwenda.

"Nilikosea. Sikula na mtu, nilikuwa mjinga tu. Nakuomba pua yako."

Akanitazama. "Pua yangu?"

"Yangu imekufa."

Akajizuia, akashindwa, akacheka. Kuanzia kesho yake, akirudi sokoni anapita kwangu na kipande cha mkaa, anachora ukutani: ikiwa hainuki, mstari mmoja; ikinuka, miwili; ikiwa haivumiliki, mitatu. Mwezi ulipoisha hata mimi wa darasa la tatu niliusoma ukuta. Korona iliwashwa Jumatatu na Jumanne, na mistari mitatu ilikuwa ya Alhamisi na Ijumaa.

Mwenyekiti akampelekea mkaguzi picha ya ukuta, akamwambia: njoo Alhamisi yoyote, usituambie ipi.

Akaja nikiwa nafua. Sikuondoa hata beseni. Nikampa kigoda uani na kikombe cha chai. Kikombe kilifika karibu na mdomo, akakirudisha chini.

"Bibi, mnaishi humu?"

"Tunaishi. Andika."

Aliandika. Kiwanda kikaamriwa kufukia shimo, kusomba mabaki kila siku kabla hayajachacha na kuyapeleka mashambani, na kuchimba mabwawa ya maji mbali na nyumba. Meneja alibisha miezi, akisema harufu ndiyo kazi. Mwishowe walifanya. Mvua kubwa ikinyesha bado inatujia kidogo, sitawadanganya.

Mkwe wangu alikuja mara ya kwanza, akashinda, akaondoka. Mara ya pili akalala siku moja. Mara ya tatu alikuja na masufuria yake, nami nikajua amerudi.

Namshukuru yule binti mkaguzi kwa kukubali kurudi mahali alipokwisha kuandika. Namshukuru mwenyekiti. Jirani yangu namshukuru kuliko wote, maana angeweza kuninyima. Mkwe wangu nilishamshukuru, na hilo kwangu lilikuwa gumu kuliko kufua mablanketi.

Nanyi mnaokaa jirani na kiwanda cha ngozi hapa, mmesema wakaguzi wanakuja. Heshima ya mgeni wa namna hiyo ni kumwonyesha kilichomleta. Wapikieni siku nyingine.

Sasa mniruhusu niwahi basi. Mtoto nimemwacha amelala, na mama yake amemfungulia dirisha la upande wa kiwandani.