Bi Matawi, Aliyeviona Vidoa Tulivyovifuta

Tarehe thelathini ya mwezi huu Bi Matawi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha picha za macho cha hospitali yetu. Mhariri wa jarida ameniomba wasifu mfupi na wenye uchangamfu. Ufupi nitajitahidi. Uchangamfu upo kidogo, kwa hiyo nauweka mwanzoni usije ukaniishia njiani.

Alikuja kwetu kijana, na shahada mbili za hesabu na mkoba wa turubai uliochakaa. Daktari mkuu wa wakati ule alimuuliza mtu wa hesabu anatafuta nini kwenye hospitali ya macho. Alijibu kwamba picha ni hesabu, ila watu huzipenda zaidi kwa kuwa zina rangi. Akapewa chumba cha mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na ngazi. Dirisha lake linatazama ukuta wa jenereta, na umeme ukikatika unalazimika kupaza sauti ili mtu aliyeketi mbele yako akusikie. Humo ndimo alimofanya kazi yote ninayotaka kuisimulia.

Jina la Matawi alilipata kwenye chumba cha chai. Kila walipokuja madaktari wapya, aliwafundisha kwa kufinyanga vilima vya udongo ndani ya beseni la kuoshea vikombe. Penye mwanga kwenye picha alipandisha kilima, penye giza akachimba bonde. Kisha alijaza maji mpaka vilima vyote vikazama, akawaomba watazame maji yakipungua. Kilele kirefu kinachungulia kwanza, kisiwa kidogo. Maji yakishuka, kisiwa kinanenepa na vingine vinazuka, mpaka viwili vinagusana na kuwa kimoja. Mwishowe visiwa vyote vimeungana na beseni zima ni nchi kavu. Alikuwa akichora ubaoni kisiwa gani kimezaliwa wapi na kimemezwa na nani, na mchoro ukimalizika ulikuwa mti: vilele ndiyo majani, picha nzima ndiyo shina. Mhudumu wa usafi aliapa kwamba siku sinki likiziba kwa udongo ule, yeye anahama hospitali. Lilipoziba kweli, alikasirika wiki nzima lakini hakuhama.

Mti huo haukuwa mchezo. Picha ya ndani ya jicho ina uchafu mwingi: punje za kamera, mwanga uliorudi vibaya, jasho la mgonjwa aliyeogopa. Njia nyingi za kuisafisha huisugua yote kwa pamoja, kama mtu anayepiga pasi kitambaa cha tarizi bila kujali. Bi Matawi aliliuliza kila tawi, moja moja. Una ukubwa gani? Una umbo gani? Umesimama muda gani kabla ya kumezwa na jirani? Punje ya uchafu inazuka na kumezwa papo hapo, basi tawi lake linakatwa. Mshipa ni mrefu na mwembamba, unajulikana kwa umbo. Kwa wagonjwa wa kisukari aliigeuza picha, giza likawa kilele, ili vidoa vya damu vinavyovuja kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, visimame kama visiwa vya duara. Vidoa hivyo aliviacha. Kilichobaki kwenye picha hakikuguswa hata ukingoni. Daktari aliletewa jicho lililokwisha kugawanywa: mishipa hapa, vidoa hapa, kitovu cha kuonea hapa.

Kwa miaka mingi tulifanya kazi hivyo. Mimi nilipiga picha, yeye akajenga miti, daktari wa retina akaamua nani apigwe miale ya kuziba mishipa inayovuja na nani arudi mwakani. Kila mwaka Bi Matawi aliomba apewe mtu wa kumfundisha, na kila mwaka aliambiwa nafasi hazijatoka.

Kisha akaja mkurugenzi tuliye naye. Simsingizii kitu: alikuta programu iliyoandikwa na mtu mmoja, inayoeleweka na mtu mmoja, kwenye kompyuta inayopigwa makofi ili iwake. Akasema hospitali haiwezi kutegemea kichwa cha mtu mmoja. Hapo alikuwa na haki. Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonitia uchungu. Ukaletwa mfumo mpya, wenye skrini pana na sauti ya kike inayokupongeza ukimaliza kazi. Mfumo ulisafisha picha wenyewe na kutoa jibu wenyewe. Picha zake zilikuwa laini kama za matangazo ya sabuni.

Bi Matawi alizitazama kwa siku chache, akaomba nafasi kwenye mkutano wa wakuu wa vitengo. Nilikuwepo. Alionyesha picha moja mara mbili, kwanza ilivyotoka kwenye mfumo mpya, kisha ilivyotoka kwenye mti wake. Kwenye ile ya kwanza jicho lilikuwa safi. Kwenye ya pili vidoa vitatu vilikaa karibu na kitovu. Alieleza taratibu kwamba mfumo unavichukulia vidoa vidogo kama uchafu na kuvifuta kabla ya kuhukumu.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mfumo umepita majaribio yote. Mtu anayependa chombo chake, akaongeza, huona kasoro kwenye kila chombo kingine. Wengine walicheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaotaka mkutano uishe. Daktari wa retina alitazama simu yake.

Mwezi uliofuata Bi Matawi alihamishiwa ghorofa ya chini, kusimamia picha za zamani. Kompyuta yake ilifunikwa turubai, na chumba chake kikawekwa mashuka yaliyokuwa yamezidi stoo. Hakugomba. Alishuka na mkoba wake, akapanga picha kuukuu kwa mpangilio ambao haujawahi kuonekana huko chini, na saa ya chai akapanda kuketi nasi. Udongo hakuuleta tena.

Sasa nifike kwa wifi yake. Wote mnaomfahamu Bi Matawi mmeshamsikia akimtaja, kwa sababu kwa miaka mingi hawakuwa wakisemezana. Wifi ni dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani wa nguo za maharusi, na alipinga ndoa ile tangu posa. Alisema mdogo wake anaoa mwanamke atakayelala na mashine. Mume alipofariki, wanawake hao wawili walibaki kwenye nyumba moja, bila mtu wa kugombania. Wakaanza kusalimiana, kisha kupika pamoja, mwishowe kuwateta majirani pamoja, na hapo ndipo udugu ulipokamilika.

Wifi ana kisukari. Alikuja kupigwa picha mwaka ule wa mfumo mpya, na ni mimi niliyempiga. Sauti ya kike ikatoa jibu kwamba macho yote mawili ni safi, arudi baada ya mwaka. Bi Matawi alikuwa chini na picha zake kuukuu, na hakuna aliyempelekea ya wifi yake aione. Wifi alirudi nyumbani akamwambia kwamba mashine yenu ina adabu kuliko madaktari.

Kabla mwaka haujaisha aliamka asubuhi akaona kitu kama pazia jeusi kwenye jicho la kulia. Alidhani ni usingizi. Alikaa kwenye cherehani, na uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mteja wake akamsaidia. Walipofika hospitali, yeye na Bi Matawi, daktari wa retina alikuta damu imejaa ndani na retina imevutwa ikaachia. Jicho lile halikurudi.

Nilikuwa kwenye chumba cha uchunguzi walipoambiwa. Wifi aliiweka mikono mapajani. Kisha alimgeukia Bi Matawi, si daktari.

"Nilikuja kwenu. Mkaniambia macho yangu ni safi."

Bi Matawi angeweza kusema mengi. Angeweza kusema aliwaonya, akahamishwa, akachekwa. Alisema hivi tu: "Ndiyo, wifi. Tulikuambia hivyo."

Alisema "tuli". Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile.

Baada ya kumrudisha wifi nyumbani apumzike, alirudi hospitali, akapanda hadi chumba cha mwisho wa korido, akaondoa mashuka na turubai juu ya kompyuta yake, akaiwasha kwa makofi kama zamani. Akaomba picha ya wifi iliyosomwa kuwa safi. Alimwita daktari wa retina, hakumwita mkurugenzi. Mti ulipokamilika, vidoa vilikuwa pale, kwenye macho yote mawili, kwa mduara kuzunguka kitovu, na pembeni mishipa myembamba isiyotakiwa kuwepo. Mwenye picha ile angepigwa miale wiki ile ile. Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Aliondoka kwenda kwa mkurugenzi, na tangu siku hiyo hakutia sahihi yake kwenye jibu lolote la mfumo ule.

Hapo mambo yakaenda haraka, kama yanavyokwenda wakubwa wakiogopa. Mkurugenzi alishuka mwenyewe ghorofa ya chini, akasema miti irudi kazini, kimyakimya. Bi Matawi alikubali kwa sharti moja: kila picha iliyosomwa na mfumo mpya isomwe upya, na wenye vidoa waitwe.

"Tukiwaita watu wote hao, hospitali itachekwa," alisema mkurugenzi.

"Watakaoweza kutucheka ni wale wanaoona bado," alijibu.

Mkurugenzi alipinga kwa wiki kadhaa. Kilichomshinda, nadhani, ni daktari wa retina, ambaye sahihi yake ilikuwa inahitajika. Tukasoma upya. Miezi ile ilikuwa migumu kuliko yote niliyofanya kazi hapa. Bi Matawi alijenga miti, mimi na muuguzi wa zamu tulipiga simu. Wengi walikuja wakapigwa miale kwa wakati. Wengine walituona matapeli wakakata simu. Mwalimu mmoja alituambia kwa upole kwamba tumechelewa, sasa anafundisha kwa kukariri. Simu moja ilipokelewa na binti, akasema mama alishazikwa, tunamtakia nini. Bi Matawi aliichukua simu ile mwenyewe, akaomba radhi kwa niaba yetu sote, na akayasikiliza matusi yake mpaka binti alipochoka. Jicho la kushoto la wifi lilikuwa miongoni mwa yaliyookolewa.

Ripoti ya mwaka ilisema kwamba, chini ya uongozi makini wa mkurugenzi, hospitali imebuni utaratibu wa kisasa wa kuhakiki picha. Jina la Bi Matawi halimo. Nililitafuta mpaka kwenye shukrani, pale panapotajwa waliopika chakula cha uzinduzi.

Naandika haya kwenye jarida la wafanyakazi nikijua nani atalisoma. Mhariri alipendekeza nipunguze aya chache. Nilimwambia achape yote au atafute mtu mwingine wa kusema kwamba mstaafu wetu alikuwa mcheshi na mwenye kuwahi kazini. Kwa kweli alikuwa mcheshi. Kwa kweli aliwahi kazini.

Katika miaka hii miwili ya mwisho nafasi zilitoka hatimaye. Mimi na muuguzi tumefundishwa, na leo tunaweza kujenga mti na kuukata bila kumwita. Bado tunakosea. Wiki iliyopita mkurugenzi alimwomba aongeze mwaka mmoja kwa mkataba, akasema hospitali inamhitaji. Bi Matawi alimsikiliza kwa heshima.

"Sijakasirika, mkurugenzi," alimwambia. "Ningekuwa nimekasirika ningebaki. Nimechoka."

Amesema kwamba kuanzia sasa atakuja hapa kila baada ya miezi minne, kumsindikiza wifi yake kliniki, na kwamba hataingia chumba cha mwisho wa korido hata akiitwa. Atasubiri nje na ndugu wa wagonjwa wengine.

Bi Matawi, asante kwa macho ya watu ambao hawatajua jina lako. Hatukukutendea haki, na wasifu hauwezi kuirudisha. Nenda ukalale mpaka jua liwe kali, mkawatete majirani. Siku ya kliniki kaa kwenye benchi, funga macho ukitaka, na usiulize chochote. Picha ya wifi tutaisoma sisi, tawi kwa tawi, kisha tutaisoma tena.