Mama Kutu, Mlezi wa Ndago

Kwanza niwape pole wote mlioikosa nafasi hii. Majina ya wafanyakazi yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia ya mlinzi, ili apatikane mmoja wa kuandika wasifu wa Mama Kutu. Kikaratasi kilichotoka kilikuwa changu. Msishangae. Mimi bahati nilizaliwa nayo. Nimeendesha magari katika nchi saba, nimepinduka katika mbili, na sina hata kovu la kuwaonyesha watoto. Shule niliiaga mapema, lakini dunia imenipa digrii, tena bila kukodi joho.

Haya, tuingie kazini. Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Kutu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa magugu. Aliingia akiwa msaidizi wa maabara, mwembamba kama bua la mtama. Hayo ni maneno yake mwenyewe, maana ushahidi haupo tena. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha kuvu, mama wa watoto watatu na bibi wa wajukuu wengi kuliko viti vya sebuleni kwake.

Kwa wageni wa sherehe: kutu tunayoisema hapa si ya mabati. Ni kuvu ya rangi ya hudhurungi inayoota juu ya jani la ndago na kulinyonya. Ndago mnaijua. Ukiing'oa asubuhi, jioni inakuuliza ulikuwa unatafuta nini. Kuvu yetu inakula ndago tu, haigusi mahindi wala maharage. Mama Kutu alikuwa akivuna unga wake, akiuchanganya na maji na mafuta kidogo, kisha wakulima wanaupulizia jioni, ndago ikiwa bado changa. Haiui zote, na yeye hajawahi kumdanganya mtu. Mkulima mmoja alipomuuliza dawa gani hii isiyonuka, alimjibu, "Baba, ndago haina pua. Tukiweka harufu, tutakuwa tunakufukuza wewe." Mkulima akacheka, akapulizia, na msimu ule mahindi yake yakatangulia kusimama.

Ila kuvu hii ina madaha. Haioti katika chupa wala katika sahani za maabara. Inataka jani bichi la ndago, tena yenye afya. Kwa hiyo mwanamke aliyeajiriwa kuangamiza ndago alishinda ndani ya kitalu nyumba akizidekeza. Alizimwagilia, alizitia mbolea, jua likiwa kali alizitandazia chandarua. Mumewe, fundi seremala, alimletea miwani aliyoisahau nyumbani, akamkuta anafuta vumbi kwenye jani kwa pamba. Akamwambia kutoka mlangoni, "Mke wangu, za uani kwetu nazo zimekukosea nini?" Mama Kutu hakugeuka. Alimwambia za uani hazina mshahara.

Mhasibu wetu hatapenda niseme hili, kwa hiyo nalisema. Friji ya ofisi ilipoharibika tuliomba hifadhi ya maziwa katika friji ya kitengo cha kuvu. Mhasibu akaona kichupa cha unga wa hudhurungi, akadhani mdalasini, akatia kijiko kizima kwenye chai. Akasifia ladha. Alipoelezwa alichokunywa, alilegea kama kitambaa. Mama Kutu alimpeleka zahanati mwenyewe, akamshika mkono njia nzima, na daktari aliposema mgonjwa ni mzima, ndipo akamwambia, "Nilikuwa na wasiwasi kidogo tu, kama una ukoo na ndago." Hadi leo wawili hawa wanaitana ndago mwenzangu.

Lakini sitaki tucheke tu, maana kuna siku tulikaribia kulia wote. Wageni wa kukagua mradi walikuwa njiani. Mkurugenzi alikuwa amesema wazi: wasipoiona kuvu ikiwa hai, mradi unafungwa na kitalu kinageuzwa stoo. Nyapara wa usafi wakati huo alikuwa mgeni kazini, mtu wa bidii kali. Mama Kutu akiwa mkutanoni, nyapara aliingia kitaluni, akakuta vyungu vimejaa magugu, tena magugu yenyewe yana madoa. Akamwonea huruma mama wa watu, ataaibika mbele ya wageni. Aling'oa zote. Akazichoma. Akaosha vyungu, akavipanga kwa ukubwa, akasimama mlangoni kifua mbele akingoja asante.

Mama Kutu alifika, akaangalia vyungu vitupu, akageuza ndoo akaikalia. Sisi tulingoja radi. Yeye alisema kwa sauti ndogo, "Umesafisha vizuri, baba. Umesafisha na kazi yangu yote." Unga wa akiba ulikuwa umezeeka, ulipojaribiwa haukuota. Mbegu hai ya kuvu ile ilikuwa imeishia kwenye jivu nyuma ya jengo.

 Kisha akainuka, akajipangusa sketi. Alisema kuvu husafiri na upepo, na miaka yote ile haiwezekani haikutoroka hata mara moja. Lazima mahali fulani jirani kuna ndago inayoumwa. Basi kituo kizima kikatoka kupekua nyasi. Alitufundisha kugeuza jani, kutafuta vipele, kusugua kwa kidole kuona kama linaacha unga. Mkurugenzi alikunja suruali. Mhasibu alitambaa na tai yake. Mimi mwenye nchi saba nilikwenda kwa magoti kandokando ya uwanja wa mpira, wapita njia wakiniuliza kama nimepoteza pete ya ndoa. Siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Ndago zote zilikuwa nzima, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Tangu kituo kianzishwe, hatukuwahi kuziombea maradhi kwa moyo mmoja namna ile.

Nyapara naye hakuonekana. Tukasema amekimbia, na wengine tulisema zaidi ya hapo. Kumbe alikuwa amejifungia kwake kwa aibu. Nyumba yake ya kazi iko nyuma ya kitalu, upande upepo unakoelekea, na yule bwana aliyefagia kituo kama kioo hakuwahi kugusa jembe uani kwake. Mkewe alishalalamika mpaka akanyamaza. Jioni ya siku ile ya pili alikuwa amekaa kizingitini, kichwa chini, na chini ndiko alikoziona: ua mzima wa ndago, majani yamejaa madoa yale yale aliyoyachoma.

Alikuja mbio na beseni. Mama Kutu aligeuza jani, akalisugua. Kidole kilitoka cha hudhurungi. Alikiangalia kidole kile huku machozi yanamtoka, kisha akamwambia nyapara, "Baba, kuanzia leo ni marufuku kulima uani kwako." Mkewe amekata rufaa mpaka leo, hajasikilizwa.

Wageni walikuta vyungu vimejaa tena, safari hii ndago za uani kwa nyapara, na kutu imechanua. Mradi ukabaki. Wakulima waliokuwa wanapigana na ndago kwa jembe na mgongo wao wakapata mwenza asiyechoka. Na nyapara? Mama Kutu aliomba apewe yeye, akamfundisha kazi jani kwa jani. Ndiye anayemwachia kitalu. Juzi niliwasikia humo ndani, yeye akimwonyesha chungu kipi hupenda maji ya asubuhi, nyapara akiitikia, "Ndiyo mama, ndiyo mama," kwa sauti ya mtu anayeombea somo lisiishe.

Mama Kutu, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ulimi wako. Nenda ukapumzike na fundi wako, uani kwenu kuwe na kivuli, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na afya ikukae mwilini. Ijumaa nitakupeleka nyumbani kwa gari la kituo, na nitapita barabara ndefu.

Kuhusu ile kura, hakuna kura iliyopigwa. Niliomba mwenyewe niandike.