Mkunga Aliyetaka Kosa Lake Lisomwe

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono, familia imempa mdogo wa marehemu, aliyemfuata kuzaliwa, ndiye mimi, kazi ya kuisoma historia hii, nayo ina sehemu ambayo baadhi yetu tulitaka irukwe, tukakaa vikao viwili tukibishana, mwishowe tukakubali kwamba maneno ya marehemu hayapunguzwi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba seremala na mama mshona nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akaendelea na sekondari hadi 1969, kisha akajiunga na chuo cha ukunga, alikohitimu Juni 1973, na tarehe 2 Julai mwaka huohuo akaanza kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji wetu.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Pumua, mnamjua kwa upole wake, na wapo hapa waliozaliwa mikononi mwake ambao nao wamemletea watoto wao, lakini yeye mwenyewe alisema upole ule haukuwa tabia yake ya kuzaliwa, ulikuwa toba.

Jumapili ya tarehe 9 Novemba 1975, saa nane mchana, wodi ilikuwa na vitanda sita na wajawazito kumi na mmoja, wakunga walikuwa wawili tu, na kwenye kitanda cha dirishani alilala mke wa fundi baiskeli, binti wa miaka kumi na tisa, mimba yake ya kwanza, akipiga kelele kila uchungu ulipomshika. Marehemu alichoka, akamwendea, akamwambia, "Nyamaza! Ulipokuwa unaitafuta ulilia hivi?" kisha akampiga kofi la paja, na binti yule akauma shuka, akanyamaza kimya, naye marehemu akamgeukia mwenzake akasema, "Umeona? Kumbe anaweza."

Kwa saa mbili binti hakutoa sauti, na kwa kuwa hakutoa sauti hakuna aliyemwendea, ingawa maumivu yake yalikuwa yamebadilika na mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni, yeye aliogopa kusema asije akapigwa tena. Marehemu alipokwenda kuyasikiliza mapigo ya mtoto hakuyasikia, na saa kumi na moja jioni akazaliwa mtoto wa kiume, mzuri, aliyetimia kila kiungo, ambaye hakulia. Daktari alisema huenda asingepona hata kama wangewahi, kitabu cha wodi kikaandikwa mstari mmoja, na kofi halikuandikwa popote.

Siku ya tatu, akiruhusiwa kurudi nyumbani, binti yule alisimama mlangoni akiwa na kifurushi chake cha nguo za mtoto, akauliza bila hasira, "Dada nesi, mbona nilinyamaza kama ulivyoniambia?" Marehemu alituambia kwamba miaka arobaini na mitano haikumpa jibu la swali lile.

Tangu hapo hakumnyamazisha mzazi tena. Alijifunza kukaa kitandani kwa mwanamke, kumsugua kiuno, kumtembeza akishika ukuta, kumwambia, "Legeza taya, mama, legeza mabega, vuta pumzi taratibu, itoe kama unapoza chai, na ukitaka kulia, lia, nipo," na kila Jumatano aliwakalisha wajawazito kwenye mikeka akawafundisha kwamba utulivu ni mwili uliolegea kwa sababu una mtu wa kumwamini, na kwamba mtu aliyenyamazishwa kwa woga hajatulia hata kidogo.

Alifunga ndoa na fundi umeme tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, na shemeji yetu, aliyetangulia mwaka 2012, alizoea kulalamika kwamba katika nyumba ile mtu hawezi hata kugombana, maana akipandisha sauti tu ataambiwa alegeze taya. Mwaka 1998 alitunukiwa cheti cha mkunga bora, akakitia droo ya chini, hakukitundika.

Mwezi Mei 2004, akiwa amekaribia kustaafu, alimtafuta yule mke wa fundi baiskeli, akamkuta akishona nguo barazani kwake, akakiri kosa mbele yake. Mama yule alimweleza kwamba watoto wake wanne waliofuata aliwazalia nyumbani kwa kuogopa hospitali, na alipomzaa wa pili nusura wafe wote wawili, yeye na mtoto, kisha akasema, "Nimekusikia. Siku nikiweza kusamehe nitakutumia neno." Neno halikuja, na marehemu alitukataza kumfuata kulidai.

Agosti 2020 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hadi madaktari walipomrudisha nyumbani, na hapo ndipo alipomwita mdogo wake huyu aandike. Mdogo mtu aliandika kwamba dada "alimkemea mgonjwa", dada akaomba asomewe, akasema, "Futa hapo. Andika nilimpiga," ikabidi lifutwe. Alifariki tarehe 6 Februari 2021, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliokesha nasi, na wakunga wenzake waliofika na sare zao. Mama wa barazani tulimpelekea taarifa ya msiba, hatujui kama yumo kati yetu na hatutauliza, ila kama yumo, ajue hadaiwi neno lolote na mtu yeyote wa nyumba hii.

Mtoto wa mama huyo, aliyezaliwa na kufariki tarehe 9 Novemba 1975, hakuwahi kusomewa historia, kwa hiyo tunaomba msimame, tumkumbuke yeye kwanza.

Dada yetu, pumzika kwa amani.