Mwewe wa Mzee Ojuok

Kivuko cha Kamanga kilikuwa kimeshang'oa nanga pale mzee ambaye Odeta hakumfahamu alipokuja kuketi kando yake, akaligonga kwa kidole begi refu la Odeta. "Gitaa hilo?"

"Shikamoo mzee. Ni bunduki ya upepo, ya kulenga shabaha. Kibali ninacho."

"Marahaba. Mimi Ojuok, nafuga kuku hapo ng'ambo. Springi yake ina nguvu?"

"Ilikuwa na nguvu mno, ikawa inaruka mikononi. Nimeweka springi laini zaidi na kuipaka grisi nzito. Sasa inalia kama kabati likifungwa, na risasi inafika ninapolenga."

"Umeihasi," mzee akasema. Abiria wa mbele akacheka.

Odeta hakukasirika. Alimweleza mzee kwamba anavuka kutafuta mahali pa kuwafundishia mabinti wa mtaa wa Mabatini kulenga, maana mjini nafasi hakuna.

"Kiwanja ninacho nyuma ya mabanda. Kitumieni bure. Wewe niulie mwewe tu, wananimalizia vifaranga."

Kiwanja cha bure kilimvutia Odeta, lakini akatikisa kichwa. "Niliwaahidi mabinti kwamba bunduki hii haitapiga chochote kinachopumua."

"Nani atawaambia?"

"Mimi nitajua, mzee. Labda nije nikusaidie kufunga wavu juu ya banda."

"Wavu nimeuchoka. Ahadi haifugi kuku, mwanangu."

Kivuko kikafika ng'ambo, mlango ukashushwa. Odeta akamuaga mzee kwa heshima, akatia begi begani, akaenda kuulizia kiwanja kingine kwenye duka la kwanza.